Mawe yanayometa ya vichakani Itigi

Tangu bei ya dhahabu ianze kupaa, simu yangu imekuwa ofisi. Jioni ikiingia tu, zinaanza kumiminika picha za mawe yaliyowekwa kiganjani na kumulikwa tochi, na swali ni lile lile: "Dada, hii nayo ni nini?" Mara nyingi ni pairaiti, madini ya chuma yanayowazuzua watu kwa unjano wake wakadhani ni dhahabu, na jibu langu halimalizi hata mstari. Lakini kuna kikundi cha wachimbaji wadogo upande wa Itigi, mkoani Singida, ambacho picha zake zilinifanya nisogeze sahani ya ugali pembeni. Kwatsi nyeupe, lile jiwe gumu linalofanana na kioo, iliyopasuliwa vizuri, na ndani yake mabaka ya kijivu yanayometa. Katibu wao aliandika kwa herufi kubwa: FEDHA NA DHAHABU MWAMBA MMOJA. Chini yake akaongeza kwamba kuna mnunuzi wa Dar es Salaam ameshaanza kuulizia.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi ni fundi sanifu wa jiolojia, zao la Chuo cha Madini hapa Dodoma. Naishi Nkuhungu, kwetu Kondoa. Kazi yangu ni kusimamia uchukuaji wa sampuli, leo kwa kampuni, kesho kwa kikundi chenye leseni ndogo na karai tatu. Jina la kilima ninachokizungumzia sitalitaja. Leseni ya hawa wazee ni ya hekta zisizozidi 10, kama sheria inavyotaka, na ng'ambo ya mawe yao ya mpaka kuna ardhi ambayo bado haina mwenyewe. Nikitaja jina leo, keshokutwa kuna rasha, yaani umati wa watu wanaokimbilia dhahabu, mabanda ya chipsi na jenereta.

Kufika huko ni lami mpaka kuchoka. Unatoka Dodoma, unaiacha Bahi na mashamba yake ya mpunga, unapita Kintinku, halafu gari linaanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya Manyoni. Baada ya Itigi unaiaga lami, unapanda bodaboda, na bodaboda nayo ina mahali inapokuaga. Vile vichaka vya Itigi wataalamu wa mimea wanavijua dunia nzima, maana misitu ya namna ile haipatikani mahali pengi. Miti yake si mirefu, mita tatu hadi tano hivi, lakini imeshikana kiasi kwamba ukikosea njia unatoka umechanika shati. Kiangazi hupukutisha majani yote, na hapo ndipo mtu wa miamba anaweza kuona chochote. Masika usijaribu.

Shida kubwa kwa mtafutaji, kuliko hata miiba, ni mchanga. Sehemu kubwa ya ardhi ile imefunikwa na udongo wa kichanga wenye kina, mwamba wenyewe haujitokezi. Unaweza kutembea asubuhi nzima usione jiwe la kukalia. Ramani za jiolojia zinazouzwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ambayo makao yake yako hapa hapa mjini Dodoma, kwa eneo kama lile zinakupa graniti na graniti tena, na mstari wa vitone unaosema mtu alikisia. Siwalaumu waliochora. Walitembea kwa miguu na mahema. Serikali yenyewe imekuwa ikisema kwamba ni asilimia 16 tu ya nchi iliyofanyiwa utafiti wa kina wa kijiofizikia kwa ndege, na lengo ni kufika asilimia 50 ifikapo 2030. Mpaka ndege ipite juu ya kilima cha wazee wangu, tutaendelea na nyundo, dira na vichuguu.

Ndiyo, vichuguu. Mchwa anachimba chini kutafuta unyevu na udongo wa mfinyanzi, na anachokitoa chini anakipandisha juu. Pale ambapo mchanga wa juu hauna habari yoyote, kichuguu kinaweza kukupa chembe zilizotoka mita kadhaa chini, karibu na mwamba uliooza. Kwa hiyo tulipanga mistari inayokatisha uelekeo wa mkanda, yaani mshipa wa kwatsi unaobeba madini, tukawa tunachukua udongo wa kichuguu badala ya udongo wa juu. Unakwangua ganda la nje lililooshwa na mvua, unachukua la ndani, unachekecha, unafunga kwenye mfuko wenye namba, unaandika namba za GPS za mahali hapo. Vijana wa kikundi walicheka sana siku ya kwanza. Walidhani naenda kuutumia kwa mganga. Na mganga wao wenyewe wanaye: kuna jamaa aliwahi kupita pale na mashine yenye antena mbili, akasema inaona dhahabu kwa umbali wa kilomita moja, akala kuku wao, akaondoka na nauli. Mashine ya kunusa vyuma ardhini ipo na inafanya kazi, ila inanusa punje iliyo karibu na uso wa ardhi, si mkanda uliolala mita 40 chini.

Kwamba kuna dhahabu kule, hilo halikunishangaza. Katikati ya Tanzania tumekalia mwamba mkongwe, zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ingawa sehemu kubwa ni graniti, ndani yake kuna vipande vya miamba ya kijani, ambayo zamani ilikuwa lava, ikapikwa na kukunjwa. Dhahabu hupenda mipaka ya vipande hivyo, hasa pale ardhi iliposagika na kuacha upenyo wa maji ya moto kupita. Kaskazini ya hapo, Iramba, ndiko iliko Sekenke, ambako Wajerumani waligundua dhahabu mwaka 1907. Dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyopigiwa sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916, zile zenye picha ya tembo, wakati vita vimewabana na meli za kuleta pesa hazipiti. Ikungi nako, Mang'onyi, mgodi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2023. Kwa hiyo mtu akiniambia ameona dhahabu Singida, namuuliza tu ni mkanda wenye upana gani.

Madini ya fedha ndiyo yaliyonitoa Nkuhungu. Kwenye mikanda mikongwe kama yetu, fedha kwa kawaida haiji peke yake. Imejificha ndani ya dhahabu, zimeyeyuka pamoja. Ndiyo maana dhahabu ya wachimbaji wetu ikichomwa na kupimwa sokoni haisomi asilimia mia, na sehemu kubwa ya kile kinachopungua ni fedha. Nchi zenye fedha nyingi, Mexico, Peru, Bolivia, kwa kiasi kikubwa zilipewa na volkano changa, changa kwa hesabu zetu za mawe, ambako maji ya moto yalichemka karibu na uso wa ardhi na kuacha fedha mle. Mikanda ya namna hiyo kama ilikuwepo kwetu, mmomonyoko umeshaila zamani sana. Tunachokiona leo ni mizizi iliyokuwa kilomita kadhaa chini. Kwa hiyo fedha ikijionyesha kwa macho kwenye kwatsi ya huku, mtu wa kwanza kumshuku ni galena, jiwe lenye risasi (ile metali nzito, si ya bunduki), ambalo hubeba fedha kidogo tumboni mwake.

Na si jambo la kigeni nchini. Ile reli ya tawi inayotoka Kaliua kwenda Mpanda, iliyofika huko mwaka 1950, ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mawe ya Mpanda yalikuwa galena yenye fedha, na dhahabu na shaba zikiwemo. Abiria wa leo wanaoshuka Mpanda na magunia yao sidhani kama wanalifikiria hilo.

Nilipofika kilimani, mwenyekiti, mzee wa Kigogo aliyehamia huko na ng'ombe wake miaka mingi, alinipokea kwa "Mbukwa," akaniletea kigoda kabla ya jiwe. Nampenda kwa hilo. Jiwe lilikuja limefungwa kwenye kitambaa. Kabla sijaliangalia nililipima kwa mkono: zito kupita kiasi. Kwatsi ina uzito mara 2.65 ya maji, galena mara 7.5, na mkono uliozoea unajua. Nikatoa lenzi. Mabaka yale yalikuwa na nyuso bapa zinazokutana kwa pembe mraba, ngazi ndogo ndogo, kila ngazi ikirudisha mwanga wake. Nikabandua kipande kidogo kwa ncha ya kisu, nikakiweka juu ya jiwe bapa, nikakigonga taratibu kwa nyundo.

Fedha halisi ingebonyea na kutanuka. Hiki kilisambaratika vikawa vichemba vya mraba, na vumbi lake lilikuwa la kijivu kilichoiva, karibu na weusi.

"Sasa mwanangu, fedha gani hii inayovunjika?" mzee akauliza.

"Ni risasi, baba. Fedha inaweza kuwemo, lakini kwa macho hatuioni."

Katibu hakupenda. Alikuwa na karatasi ya maabara mfukoni, akaitoa. Karatasi ilikuwa na safu moja tu, ya dhahabu, na namba nzuri kweli. Akataka kujua kwa nini fedha haimo, akihisi maabara imewaibia. Hapa nilikaa chini nikaeleza kwa kirefu, na naeleza tena hapa, maana swali hili naulizwa kila mahali.

Dhahabu inapimwa kwa moto. Maabara inasaga sampuli yako mpaka inakuwa unga laini, inachukua gramu 30 au 50, inachanganya na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na unga wa ngano. Unga wa ngano kabisa, ule ule wa maandazi. Kaboni yake ndiyo inayoirudisha oksidi kuwa risasi tupu. Mchanganyiko unaingia tanurini kwenye nyuzijoto 1,000 na zaidi. Jiwe linayeyuka kuwa kioo, na matone ya risasi yanazama yakikumbatia kila chembe ya dhahabu na fedha yanayoikuta. Ukipoa, unavunja kioo, unabaki na kitufe cha risasi. Kitufe kinawekwa kwenye kikombe kinachofyonza, kinarudi tanurini, risasi yote inanyweka, na kwenye sakafu ya kikombe panabaki shanga moja ndogo kuliko punje ya uwele. Hiyo shanga ni dhahabu na fedha zikiwa pamoja. Inachovywa kwenye asidi ya nitriki, asidi inaila fedha na kuiacha dhahabu.

Sasa, ili asidi ipenye vizuri, fedha lazima iwe mara tatu hivi ya dhahabu. Isipofika, mafundi wanaongeza fedha yao wenyewe mwanzoni. Ndiyo maana huwezi kuisoma fedha ya jiwe lako kwenye kipimo hicho. Imeshachanganyika na ya maabara. Ukitaka fedha, unaomba kipimo kingine cha asidi, na pamoja nayo unaomba risasi, shaba na zinki. Hakuna aliyewaibia. Waliomba dhahabu, wakapewa dhahabu.

Namba yao nzuri nayo ilikuwa na maelezo yake. Lile jiwe walilichagua. Walikaa juu ya lundo, wakaokota linalong'aa kuliko yote, wakalipeleka mjini. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa kuhusu jiwe lile, na hakikusema chochote kuhusu kilima. Mimi nilishuka kwenye duara lao, yaani shimo la kuchimbia, kwa kamba, nikaupima mkanda wenyewe: upana wa sentimita 40 hivi, unalala kwa mwinamo mkali, na kuta zake mbili zimesagika, zimejaa kutu ya pairaiti iliyooza. Kwa kuwa kuta hazing'ai, vijana walikuwa wanazitupa kama kifusi. Lundo zima la kifusi limekaa pale mlangoni, kuku wanaparura.

Kuchukua sampuli ya haki kwenye mkanda ni kazi ya jasho. Unasafisha uso wa mwamba, unachora mistari miwili kwa chaki inayoukata mkanda moja kwa moja, si kwa mshazari, halafu kwa tindo na nyundo unachimba mfereji wa upana ule ule na kina kile kile kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila kinachodondoka kinapokelewa kwenye turubai, kigumu na laini. Laini ndiyo inayosumbua: vijana wanapenda kuruka pale mwamba unapokuwa mgumu na kuzoa pale unapomomonyoka, na namba zinatoka za uongo. Niligawa vipande vitatu, ukuta wa juu, mkanda, ukuta wa chini, kila kimoja mfuko wake. Katikati ya mifuko nikachomeka wa jiwe lisilo na kitu na mwingine wa unga ambao thamani yake inajulikana, ili maabara nayo ipimwe.

Kisha nikamchorea katibu hesabu chini mchangani. Tuseme mkanda wa sentimita 40 una gramu 12 za dhahabu kwa tani. Mtu mzima na tindo yake hawezi kufanya kazi kwenye upenyo wa sentimita 40. Atachimba mita 1.2. Kama kuta hazina kitu, zile gramu 12 zimegawanyika kwa tatu, tani inayotoka duarani ina gramu 4. Kama kuta zina gramu mbili mbili, tani ina gramu 5 na ushee, na kile kifusi kinacholaliwa na kuku ni mali. Ndiyo sababu kuta zinanihangaisha kuliko mabaka yanayometa.

Fedha je? Kwa miaka kumi hivi iliyopita, gramu moja ya dhahabu mara nyingi imelingana na gramu 70 hadi 90 za fedha. Jiwe lenye gramu 100 za fedha kwa tani, ambalo kwa masikio linapendeza sana, thamani yake ni kama gramu moja na robo ya dhahabu. Na hiyo ni kama utaweza kuitoa. Zebaki haiitoi fedha iliyofungwa ndani ya galena. Kwa karasha, mashine ya kusagia mawe, na zulia la mwaloni, pale mchanga unapooshwa kwa maji ili dhahabu inase, wazee hawa hawatapata hata shilingi ya fedha hiyo. Itakwenda kwenye marudio, yale mabaki ya mchanga uliooshwa, au itabaki zuliani na mchanga mzito.

Hapo kwenye mchanga mzito ndipo niliposimama. Galena ni nzito, kwa hiyo mwaloni inakaa pamoja na dhahabu. Maana yake kila hatua ya kazi inaikusanya risasi, na hatua ya mwisho ni kuichoma. Kabla ya hapo kuna kuponda. Nyumbani kwa katibu, nyuma ya jiko, nilikuta kina mama wanne wanaponda mawe kwa nyundo na kuyatwanga kwenye kinu cha chuma, vumbi la kijivu limetanda mpaka kwenye masufuria, mtoto mmoja mgongoni na wengine wanacheza chini.

Mwaka 2010 huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi. Wazazi wao walikuwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mawe yao yalikuwa na risasi nyingi. Waliyasaga majumbani, baadhi kwa mashine zile zile za kusagia nafaka. Niliwasimulia kina mama hivyo hivyo, bila kupunguza, na nikatamka neno sumu. Mwenyekiti alinitazama kama nimeleta nuksi. Afadhali nuksi.

Mama mmoja, mkubwa wao, akaniuliza, "Sawa mwanangu, umetuambia. Tukapondee wapi? Na huyu nimwache na nani?" Akamgusa mtoto wa mgongoni. Swali la kwanza tulilipatia jibu kabla ya jua kuzama: kuponda kuhamie duarani, upande ambako upepo unaelekea porini, mbali na kisima, mawe yamwagiwe maji kwanza, kinu kisirudi jikoni, nguo za kazi zifuliwe kule kule na mikono inawe kabla ya kugusa chakula wala mtoto. Swali la pili sina jibu lake. Wamepanga zamu ya bibi mmoja kukaa na watoto, na kikundi kimlipe pointi moja ya dhahabu, yaani sehemu ya kumi ya gramu, kwa wiki. Katibu anasema ni nyingi. Mimi nasema ni kidogo.

Mzee alitaka tulete mara moja mtambo wa uchorongaji, ule wa kutoboa mwamba kwenda chini na kutoa sampuli. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, wana mitambo kwa ajili ya wachimbaji wadogo, na ni jambo jema, lakini uchorongaji kwa sasa ungekuwa kutupa mifugo yake shimoni. Tunaujua mkanda kwa urefu wa duara moja tu. Sampuli za vichuguu zimeonyesha dalili kuelekea kaskazini-magharibi, mstari mwembamba uliopita chini ya mchanga kwa mita mia kadhaa, kisha umepotea. Kwanza mitaro minne ikatishe mstari huo mpaka ifike kwenye mwamba. Mkanda ukionekana kwenye mitatu, tutaongea habari ya mtambo.

Fomu ya maabara nimeshaijaza: dhahabu kwa moto, fedha, risasi, shaba na zinki kwa asidi, sampuli za kifusi ziwe za kwanza. Mwenyekiti ameuza mbuzi kulipia nusu, nusu ya pili kikundi kinachangishana. Mitaro itachimbwa uwele ukishavunwa, kwa sababu sasa hivi vijana wote wako mashambani tangu alfajiri wakipiga makopo kufukuza kwelea.